Vifaa tiba Muhimbili, umeme Mlimani au diploma kwanza? Nimewalinganishia hapa

Juzi binti wa dada yangu kanitumia voisi ya dakika sita, nne za mwanzo salamu tupu, shikamoo anko, anko umekula, anko bibi anakusalimia, mbili za mwisho ndo akafika kwenye hoja yenyewe: matokeo ya kidato cha sita yametoka, PCM (fizikia, kemia na hesabu) kapasua vizuri, baba yake anataka asome uhandisi wa umeme pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yeye roho yake iko kwenye uhandisi wa vifaa tiba, yaani mashine za hospitali, kwenye chuo kikuu cha afya Muhimbili, na hapohapo kuna mdogo wake kamaliza kidato cha nne ambae mama yao anasema "huyu mpelekeni diploma kama anko wenu, mbona anakula vizuri tu". Nikaanza kumjibu kwa voisi, nilipofika dakika ya kumi na mbili nikajiona namchanganya mtoto wa watu, nikafuta, nikasema ngoja niandike, na wengine wenye swali kama lake wapitie humuhumu.

Kwanza mjue naongea nikiwa nimesimama wapi. Mimi nilianza na diploma ya vifaa tiba, nikapiga kazi miaka sita kwenye karakana ya hospitali moja ya mkoa, baadae nikarudi darasani kuchukua digrii nikiwa na mke na mtoto mmoja, nakaa dawati moja na madogo wanaoniita mzee. Umeme Mlimani sijasoma, ila nimefanya kazi na waliosoma pale na mmoja wao tumepanga nyumba moja Sinza miaka miwili, kwa hiyo upande huo naongea kwa kuwaona na kuwauliza.

Majina nayo tuyaweke sawa maana yanachanganya watu. Kwenye matangazo ya Sekretarieti ya Ajira mwenye digrii anaitwa Mhandisi Vifaa Tiba, mwenye diploma anaitwa Fundi Sanifu Vifaa Tiba, vyuoni watu wanasema tu baiomediko. Wodini wote ni "fundi". Hata uwe na digrii tatu nesi atakuita "fundi njoo, hii mashine inalia", zoea mapema usije ukawa unanuna bure.

Tuanze na miaka kwa sababu ndo rahisi. Diploma unaingia na matokeo ya kidato cha nne, unasoma miaka mitatu. DIT pale kona ya Morogoro Road na Bibi Titi wanayo ya vifaa tiba, Chuo cha Ufundi Arusha wanayo inayochanganya umeme na vifaa tiba. Digrii zote mbili, ya Muhimbili na ya Mlimani, ni miaka minne, na kabla yake kuna miwili ya advansi. Kwa hiyo huyu mdogo akienda diploma sasa hivi, siku anamaliza na kuanza kutafuta kazi mwenzake aliyeenda kidato cha tano atakuwa ndo kwanza kamaliza mwaka wa kwanza wa chuo. Miaka mitatu ya mshahara sio kitu kidogo, hasa kama nyumbani kuna wadogo wanakusubiri. Na mlango wa digrii haufungwi, ukimaliza diploma na GPA (wastani wa alama zako) kuanzia 3.0 unaomba chuo kikuu kwa sifa linganishi, ndo njia niliyopita mimi. Shida ni kwamba ukishaonja mshahara kurudi kula ugali wa kantini kunahitaji roho ngumu, wenzangu wengi walisema "mwakani narudi" na mwakani hiyo haijafika mpaka leo.

Sasa darasani, na hapa nitakaa kidogo maana ndo watu wanapodanganyana.

Mtu akisikia vifaa tiba anadhani ni umeme mwepesi wa watu walioogopa umeme mzito. Sio kweli. Hesabu zipo zilezile, kalkulasi ipo, matriki ipo, sakiti ipo, elektroniki ipo, signali ipo, programu za kompyuta zipo, alafu juu yake unabebeshwa anatomia, fiziolojia na baiokemia. Yaani asubuhi unahangaika na ikweshen za diferensho, mchana unakariri mifupa ya kiganja na majina yake ya Kilatini, na mtihani wa vyote uko wiki moja. Niliona vijana wa PCM wenye A ya hesabu wakila sapu (mtihani wa kurudia) ya anatomia kwa sababu walizoea somo la kuelewa, sio somo la kukaa na kumeza. Na waliopenda baiolojia wao hukwama kwenye signali. Kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, kupo, tusidanganyane, na aliedisko mara nyingi sio kilaza, ni mtu aliedhani atalisukuma somo moja kwa nguvu ya jingine.

Umeme wa Mlimani una uzito wa aina nyingine. Kule unaenda kina kirefu kwenye kitu kimoja: mashine za umeme, transfoma, njia za kusafirishia, mifumo ya ulinzi, kontroo. Kule mtu anahesabu kwa maelfu ya volti na mamia ya ampia. Huku kwetu hesabu inageuka chini juu: kifaa ambacho waya wake unagusa moyo wa mgonjwa moja kwa moja, viwango vya kimataifa vya usalama wa vifaa tiba vinakiruhusu kikiwa kizima kuvujisha mikroampia 10 tu kwenda kwa mgonjwa. Mikroampia 10 ni sehemu moja ya laki ya ampia moja, mkono wako hauwezi kuihisi kabisa, lakini moyo hauna ngozi ya kuuzuia. Hilo darasa la umeme hawalifundishi kwa sababu hawana sababu ya kulifundisha, transfoma ya TANESCO haina moyo.

Nikupe mfano mmoja niliouona kwa macho. Kulikuwa na jamaa injinia wa umeme, kichwa kweli, aliajiriwa hospitalini tulipokuwa. Mashine ya ECG ikawa inachora mstari unaotetemeka kama nyasi kwenye upepo badala ya mapigo ya moyo. Akaitambua mara moja, akasema hii ni hezi 50 ya umeme wa ukutani inaingia, na ni kweli kabisa. Akatumia asubuhi nzima kupima ethi (waya wa ardhini), akafungua soketi, akaenda mpaka kwenye bodi ya jengo, ethi iko safi. Mwisho yule nesi mtu mzima akatoa zile elektrodi, akamfuta mgonjwa kifua maana alikuwa kapakwa mafuta ya nazi na ndugu zake, akabandika mpya zenye jeli mbichi maana zile za mwanzo pakiti ilikaa wazi jeli ikakauka, mstari ukatulia. Signali ya moyo ikifika juu ya ngozi ni kama milivolti moja tu, mguso wa ngozi ukiwa mbovu ule umeme wa ukutani unaimeza. Jamaa alijua umeme wote, ngozi ndo hakuijua. Baadae akawa mzuri kuliko sisi sote, lakini alijifunza akiwa kazini, na wagonjwa ndo walikuwa darasa lake.

Diploma sasa. Diploma inafundisha mkono. Ukitoka pale unajua kufungua mashine na kuifunga bila kubakiza skrubu, kulehemu bodi, kusoma mchoro, kupima kwa malitimita, kubadili fyuzi, burashi za sentrifuji, gasketi ya otoklevu, kufanya sevisi ya kila miezi mitatu na kuijaza kwenye daftari. Mtu wa digrii anaweza akakufundisha nadharia ya MRI kwa saa mbili alafu umpe bisibisi akaanza kuizungusha upande wa kukaza. Sio utani, nimeona.

Lakini diploma inakuacha mahali fulani, na mimi najua saa na siku iliponiacha.

Ilikuwa wodi ya watoto wachanga. Wakaleta mashine ya kuzalisha oksijeni, zile za magurudumu zinazonguruma pembeni ya kitanda, imebandikwa plasta imeandikwa kwa kalamu MBOVU. Taa ya njano inawaka. Nikafanya nilichofundishwa: nikatoa filta ya nyuma, ilikuwa imeshikwa na vumbi kama blanketi, nikaosha, nikabadili filta ya ndani, nikasikiliza kompresa inapiga vizuri, nikachomeka mpira kwenye chupa ya maji, mapovu yanatoka mazuri kabisa, kipimo cha mtiririko kinasoma lita tano. Nikairudisha wodini najisifia. Kesho yake imerudi, plasta ileile. Wiki hiyo kulikuwa na mhandisi wa vifaa tiba kaja kwa ukaguzi kutoka sehemu nyingine, kijana mdogo kuliko mimi, akatoa kwenye begi kidude kidogo cha kupima oksijeni, akachomeka kwenye mpira, kikasoma 64. Akaniambia kaka, upepo unatoka ila oksijeni ni asilimia 64, mashine ikiwa nzima inatakiwa itoe karibu 93, ikishuka chini ya 82 haifai.

Mimi miaka yote ile nilikuwa naangalia mapovu.

Akanichorea kwenye karatasi ya nyuma ya jobu kadi. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, iliyobaki karibu yote ni naitrojeni. Ndani ya mashine kuna mitungi miwili imejaa chembechembe za zeolaiti, kompresa ikisukuma hewa humo kwa presha zeolaiti inaikamata naitrojeni, oksijeni inapita, mtungi mmoja ukishiba valvu inageuza kwenda wa pili huku wa kwanza ukipumua naitrojeni nje, zamu kwa zamu. Unyevu ukiingia zeolaiti inakufa, na mashine itaendelea kunguruma na kutoa mapovu kama kawaida. Chuoni tuliambiwa ile mitungi "msiifungue", basi, hatukuambiwa ndani kuna nini. Tukaenda stoo, kulikuwa na mashine ya aina ileile imekufa kwa sababu kompresa iliungua, mitungi yake ilikuwa bado imefungwa vizuri. Sasa hapo mwenzangu akakwama, hajui hata clampu zinatoka vipi, mimi nikazitoa kwa dakika ishirini. Tukahamisha, tukawasha, tukasubiri, kile kidude kikapanda taratibu, 70, 78, 85, kikasimama 91. Mwaka uliofuata nikaomba chuo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza digrii ya vifaa tiba inaongeza nini juu ya diploma, jibu langu ni kile kidude na ile karatasi. Na akiniuliza diploma ina nini ambacho digrii haina, ni zile dakika ishirini.

Mazoezi. Hapa Muhimbili inawapita wote na sioni wa kubishana nayo. Chuo kimekaa Upanga ndani ya eneo moja na Hospitali ya Taifa yenye vitanda karibu 1,500, hapohapo kuna MOI ya mifupa, hapohapo kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Ocean Road ya saratani haiko mbali, na Mloganzila ipo upande ule wa barabara ya Morogoro. Maana yake mashine ambayo mwanafunzi wa chuo kingine anaiona kwenye picha, wewe unapita mlangoni kwake ukienda kula. Kupita mlangoni sio kuifungua lakini, hili niliseme wazi. Mashine ya mabilioni iko chini ya mkataba wa sevisi na wakala, hakuna mtu atakuruhusu mwanafunzi uguse ndani. Utakachogusa ni saksheni mashine (ya kumvuta mgonjwa majimaji), monita, inkubeta, pampu za dripu, taa za thieta, vitanda vya umeme. Na hivyo ndo vingi hospitalini kwa hiyo sio hasara.

Kingine kuhusu Muhimbili ambacho watoto hawakioni mpaka wafike: pale ni nyumba ya madaktari. Kilianza 1963 kama shule ya udaktari, kikawa chuo kikuu kinachojitegemea 2007, na uhandisi pale ni mgeni aliefika juzi. Mlimani ni tofauti, kitivo cha uhandisi kipo tangu 1973, wahandisi wana kwao, wana karakana zao, wana walimu waliowafundisha walimu, wana mtandao wa waliosoma pale ambao sasa ni mameneja kila shirika, na utaratibu wao wa PT (mafunzo ya vitendo) wa wiki nane kila mwisho wa mwaka mpaka mwaka wa tatu unakutoa kijana wa darasani unakuweka site. Ukisema "nimetoka CoET", ndo jina la kitivo hicho sasa, mtu anaelewa bila maelezo. Ukisema umesoma vifaa tiba, hata mjomba wako atakuuliza "kwa hiyo wewe ni daktari au fundi?" na utaeleza mpaka uchoke.

Pesa nitapita haraka. Ada za vyuo vya umma hazitofautiani kiasi cha kukufanya ubadili maisha yako, angalia tovuti ya chuo chenyewe usisikilize mtu. Kinachoamua ni mkopo. Digrii unaomba bodi ya mikopo, HESLB, na ukipata, bumu (hela ya chakula na malazi) ni elfu kumi kwa siku tangu lilipopandishwa 2022, likichelewa mtajuana. Kwa diploma zamani ilikuwa ni mfuko wa mzazi tu, ila kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 bodi imeanza kukopesha baadhi ya fani za diploma pia, kwa hiyo yule mdogo mtu wamwambie asome mwongozo wa bodi vizuri kabla hajasema hawezi. Upanga chumba ni ghali mno, wengi wanapanga mbali na kugombania mwendokasi, Mlimani angalau kuna Sinza, Changanyikeni na Survey.

Kazi sasa, maana baba mtu anachouliza ni hicho tu.

Umeme una milango mingi, hapa baba yuko sahihi. TANESCO, bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, reli ya SGR inayotembea kwa umeme, migodi ya Geita, makampuni ya simu, viwanda, ukandarasi wako mwenyewe wa kufunga solar na jenereta. Ukikosa huku unageukia kule. Lakini foleni nayo ni ndefu kwa sababu karibu kila chuo chenye neno teknolojia kwenye jina kinatoa watu wa umeme kila mwaka.

Vifaa tiba milango ni michache ila ndani hakujajaa. Kuna hospitali za serikali, za mashirika ya dini na binafsi, kuna MSD (bohari ya dawa) wanaosambaza, TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) wanaosajili na kudhibiti vifaa tiba, tume ya nguvu za atomu kwa upande wa mionzi, kuna makampuni yanayowakilisha watengenezaji wa mashine, kuna miradi kama NEST360 inayoshughulika na vifaa vya watoto wachanga hapa kwetu, Kenya, Malawi na Nigeria. Kazi yenyewe ipo na imejaa. Kuna utafiti wa Perry na Malkin wa 2011 uliokusanya taarifa za vifaa zaidi ya laki moja na elfu kumi kwenye nchi 16 zenye uhaba, ukakuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi, na mtu yeyote alieingia stoo ya nyuma ya hospitali ya wilaya hatashangaa. Alafu zikaja zile trilioni 1.3 za UVIKO-19 kutoka IMF mwishoni mwa 2021, hospitali za mikoa zikapata CT scan, eksirei za dijitali na vifaa vya ICU, mashine ambazo zamani ungezikuta Dar na miji mikubwa miwili mitatu tu. Mashine zimefika, watu wa kuzitunza wanahesabika.

Ila kazi kuwepo na ajira kuwepo ni vitu viwili. Serikali inaajiri kwa vibali, na tangazo likitoka nafasi za vifaa tiba zinaweza kuwa chache kuliko vidole vyako. Nimekaa hospitali ambayo mashine zilikuwa mia kadhaa na mafundi wawili, mmoja yuko likizo. Unaomba spea ya laki mbili unazungushwa miezi minne, huku inkubeta imekaa. Hilo linakula roho kuliko hesabu yoyote ya chuo. Kwa wakala binafsi hela ni nzuri zaidi na unapelekwa kwa mtengenezaji kujifunza mashine moja moja unapewa cheti chake, lakini unaishi barabarani, leo Mbeya kesho Mwanza, na kampuni moja niliyofanyia kazi ilinibana na mkataba kwamba nikiondoka kabla ya miaka mitatu nalipa gharama za mafunzo. Soma unachosaini, mama.

Na hapa ndo kuna jambo ambalo naona watu hawalipimi. Mlango kati ya hizi kozi mbili unafunguka upande mmoja. Aliesoma umeme anaweza kuingia vifaa tiba, kwa masta au kwa kuajiriwa na wakala wa mashine na kufundishwa huko, wapo wengi tu. Aliesoma vifaa tiba kwenda kusimamia kituo cha kupozea umeme, hapana, hakuna atakaempa. Kwa hiyo kama hujui unataka nini, umeme unakupa muda wa kufikiri. Kama unajua, kuanza na umeme ni kuzunguka mlima, utafika ila utakuwa umeikosa ile miaka minne ya kuzoea wodi, kujua nesi anaogopa nini, daktari akisema "haisomi vizuri" anamaanisha nini, mgonjwa amelala vipi.

ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, haina shida kwa wote wawili, mhandisi ni mhandisi, unasajiliwa kwanza kama mhitimu, unapita mafunzo ya vitendo ya SEAP miaka mitatu chini ya msimamizi, ndo unaelekea kuwa mhandisi mtaalamu. Tofauti ni kupata msimamizi. Wa umeme wapo kila kona, wa vifaa tiba wa ngazi hiyo utamtafuta, kwa hiyo ulizia mapema hata kabla hujamaliza mwaka wa nne.

Wachache huwa wananiuliza Makerere au Kenyatta. Makerere ni miaka minne na kozi iko chini ya chuo cha sayansi za afya, kwa hiyo inafanana na ya Muhimbili kwa mtazamo. Kenyatta ni miaka mitano kama digrii zote za uhandisi Kenya, na iko chini ya shule ya uhandisi. Vyuo vizuri vyote ila bodi ya mikopo ya kwetu usiitegemee kukufuata huko, kama hauna mzazi mwenye uwezo baki nyumbani.

Basi nilichomwambia binti ni hiki. Mdogo wako, kama anapenda kufungua redio na nyumbani hela haitoshi kusubiri miaka sita, aende diploma, ila aingie akiwa na GPA kichwani tangu wiki ya kwanza, maana 2.9 itamfungia mlango wa digrii bila huruma. Wewe, kama unachotaka ni cheo cha injinia na uhakika wa kugeukia popote, baba yako hajakosea, nenda Mlimani na usione aibu. Lakini kama kweli ni mashine na wagonjwa, usizunguke. Na kwa kuwa sikuamini tu kwa voisi, nikamwambia njoo karakana wiki moja kabla hujajaza chochote.

Alikuja Jumatatu na viatu vya wazi, nikamrudisha akabadili. Siku ya kwanza nikampa saksheni mashine iliyoletwa haivuti. Siku ya pili alikuwa na grisi mpaka kwenye nyusi, kaikuta mwenyewe, mpira mwembamba wa ndani umepasuka mahali ambapo hauonekani mpaka uukunje. Siku ya tatu nikampeleka wodini kuirudisha, mama mmoja akalia pale kwa sababu ya mtoto wake, binti akatoka nje akasimama kwenye korido muda mrefu, mimi sikumfuata. Alivyorudi akaniuliza ile mashine nyingine ya kona nayo ilishawahi kupimwa asilimia au watu wanaangalia mapovu tu.

Sasa hivi kila chuo unakiomba kivyake, ukichaguliwa zaidi ya kimoja unathibitisha kimoja kwa namba unayotumiwa. Kaomba Muhimbili na kaomba Mlimani. Yeye kanambia akipata vyote atathibitisha kipi, ila kaniomba nisimwambie baba yake mpaka amwambie mwenyewe. Shemeji kanipigia jana mara mbili, sijapokea.